Kadi ya kijani kwa njia ya kazi: mtu anangoja nini miaka yote hiyo?

Watu wa Kivu wanajua zaidi njia mbili za kwenda kuishi Amerika na makaratasi kamili. Moja ni ya ukimbizi: jamaa aliyekaa miaka Nyarugusu, Nakivale ao Kyangwali, akaitwa, akapanda ndege, na mwaka mmoja baada ya kufika akaomba kadi ya kijani. Ya pili ni loterie. Njia ya tatu, ile ya kazi, haizungumzwi sana sokoni Mudaka, na pale inapozungumzwa, mara nyingi anayeongea ana kitu cha kuuza.

Sasa watu wanaiulizia zaidi, sababu mlango wa kwanza umekaribia kufungwa. Marekani ilisimamisha programu ya kupokea wakimbizi mwezi wa kwanza 2025, na tangu hapo wachache sana wamepita. Kwa hiyo wenye diplome (mainfirmie, maenjenia, watu wa informatike) wanatazama upande wa kazi. Kuna pia wale ambao tayari wako kule. Walifika kwa masomo ao kwa visa ya kazi ya muda, wakapata patro anayetaka wabaki. Familia yao ya Mudaka, Miti ao Kavumu inauliza kila mwaka: makaratasi yametoka? Jibu ni lile lile: bado.

Hiyo "bado" inaleta ugomvi katika familia nyingi. Baba mkubwa anaona kijana amekuwa mkaidi, mama anafikiri mtoto amekataliwa na anaficha. Mara nyingi ukweli uko mbali na yote mawili: ombi limekubaliwa zamani, lakini namba ya kumfikia haijafunguka.

Hatua kabla ya kungoja

Kadi ya kijani ni karatasi ya ukaaji wa kudumu. Aliye nayo anafanya kazi popote Marekani, anatoka na kurudi, na kwa kawaida baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia. Kwa njia ya kazi, anayeanza si mfanyakazi. Ni patro. Mtu hawezi kukaa Mudaka akajaza fomu peke yake kwamba anataka kuajiriwa Amerika, isipokuwa wachache wenye sifa za juu sana katika taaluma yao, ambao sheria inawaruhusu kujiombea.

Kwanza patro anakwenda kwenye Wizara ya Kazi ya Marekani. Anaambiwa mshahara wa kawaida wa kazi hiyo katika mji ule, anatangaza nafasi, na anapaswa kuonyesha kwamba hakupata mtu wa kule mwenye uwezo aliye tayari kuifanya. Hatua hii inaitwa PERM. Mwaka 2025 peke yake ilikuwa inakula zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya hapo patro anapeleka ombi lingine, fomu I-140, kwenye idara ya uhamiaji, USCIS, kuthibitisha kwamba kazi ipo, kwamba kampuni ina uwezo wa kulipa, na kwamba mfanyakazi ana masomo na ujuzi uliotajwa.

Mainfirmie wana njia fupi kidogo. Sheria inahesabu kwamba Marekani imekosa wauguzi, kwa hiyo hawapiti PERM. Patro anaanza moja kwa moja kwenye I-140. Lakini kabla ya visa wana mtihani wao. Ni lazima diplome ichunguzwe, Kiingereza kipimwe, na shirika la CGFNS litoe cheti kinachoitwa VisaScreen. Kwa leseni ya kufanya kazi kuna mtihani wa NCLEX. Hapa infirmie wa A1 ao A0, aliyesoma ISTM ya Bukavu kwa mfano, yuko katika hali tofauti kabisa na wa A2. CGFNS inataka masomo ya uuguzi yaliyofanywa baada ya kumaliza sekondari. A2 imo ndani ya sekondari yenyewe. Ni jambo la kuumiza kwa watu waliohudumia vituo vya afya miaka 20, lakini afadhali kulijua kabla ya kulipia chochote.

Tarehe inayoshika nafasi

I-140 ikikubaliwa, watu wengi wanafikiri kazi imeisha. Ndipo mlolongo unapoanza kuonekana.

Tangu sheria ya 1990, Marekani inatoa kadi za kijani za kazi zipatazo 140,000 kwa mwaka. Mwaka wao wa hesabu unaanza tarehe 1 mwezi wa kumi. Hesabu hiyo inaingiza bwana ao bibi na watoto: infirmie mwenye mume na watoto watatu anakula namba 5. Zimegawanywa katika mafungu matano, na fungu la tatu, ambamo wafanyakazi wengi wenye ujuzi na wauguzi wanaingia, linapata karibu 40,000. Juu ya hayo, kwa kawaida hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7.

Kila mtu anapewa tarehe yake. Kwa aliyepita PERM ni siku ile patro alipoweka ombi kwenye Wizara ya Kazi. Kwa muuguzi ni siku I-140 ilipofika USCIS. Hiyo tarehe ndiyo mali kubwa ya mtu anayengoja. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inatoa jedwali lenye tarehe za mwisho. Kama tarehe yako iko nyuma ya ile ya jedwali, zamu yako imefika. Kama iko mbele, unangoja jedwali la mwezi unaofuata.

Jedwali lina safu za nchi zenye waombaji wengi, kama India, China, Mexico na Filipino, na safu moja ya nchi zingine zote. Kongo iko katika hiyo ya wote. Kinachoangaliwa hapo ni nchi ulimozaliwa. Mzaliwa wa Bukavu aliyepata uraia wa Kanada bado anahesabiwa upande wa Kongo, na Muhindi aliyezaliwa Bukavu anaweza kuhesabiwa upande wa Kongo pia. Hiyo ni bahati kwake, sababu katika nusu ya pili ya 2025 Wahindi wa fungu la tatu waliokuwa wanafikiwa ni wale wa tarehe za 2013. Kwa safu ya Wakongomani, mwezi wa saba 2025 jedwali lilikuwa kwenye tarehe 1 mwezi wa nne 2023.

Shida ni kwamba jedwali linaweza kurudi nyuma. Mwaka 2023 ulionyesha hivyo vizuri. Mwezi wa saba, safu ya nchi zote katika fungu la tatu ilikuwa tarehe 1 mwezi wa pili 2022. Mwezi wa nane ikarudishwa mpaka tarehe 1 mwezi wa tano 2020, sababu namba za mwaka zilikuwa zimekaribia kuisha. Mwezi wa kumi, namba mpya zilipofunguka, ikapanda tu mpaka tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2021.

Tuseme mtu alikuwa na tarehe 10 mwezi wa kwanza 2022. Mwezi wa saba 2023 zamu yake imefika. Lakini extrait ya kazier haijatoka, ao jina kwenye diplome halifanani na la paspoti, anaambiwa alete nyingine. Mwezi wa nane unaingia, zamu imeondoka. Mwezi wa kumi bado hayumo. Ilimpasa kungoja mpaka mwanzoni mwa 2024. Karatasi moja iliyochelewa wiki tatu imemla nusu mwaka.

Anayengoja akiwa kule

Wale ambao tayari wako Marekani wanangoja kwa namna nyingine, na hapa ndipo familia za huku zinawahukumu vibaya zaidi.

Visa ya kazi ya muda inayojulikana zaidi, H-1B, ina kikomo cha miaka 6. Kama I-140 imekubaliwa na tarehe haijafika, inaweza kurefushwa miaka 3 kwa miaka 3. Wakati wote huo mtu anashikiliwa na patro wake. Akifukuzwa kazi anabaki na siku 60 tu za kutafuta patro mwingine, kubadilisha aina ya visa, ao kuondoka. Na patro mpya wa kadi ya kijani kwa kawaida anaanza hatua zake upya, ingawa tarehe ya zamani inaweza kubebwa ikiwa I-140 ya kwanza ilikubaliwa. Ndiyo maana enjenia anaweza kukaa miaka 5 kwenye mshahara ambao mwenzake mwenye kadi asingeukubali hata mwezi mmoja. Si uoga wa bure.

Zamu ikifika akiwa kule, anapeleka fomu I-485. Ombi hilo likikaa siku 180 bila jibu anapata uhuru kidogo: anaweza kuhamia kwa patro mwingine katika kazi inayofanana. Lakini kuna sharti lingine ambalo huku nyumbani halieleweki. Mtu mwenye I-485 mezani akitoka nje ya Marekani bila ruhusa maalum ya safari, ombi lake linahesabiwa kwamba ameliacha. Wenye H-1B wana nafuu upande huu, lakini nao, ikiwa muhuri wa visa katika paspoti umekwisha, wanapaswa kupita ambasade kuomba mwingine ndipo warudi.

Kwa hiyo mzazi akifariki Mudaka na mtoto asionekane kwenye matanga, watu wasikimbilie kusema Amerika imembadilisha. Huenda alikaa usiku na avoka wake akihesabu: kwenda kumzika baba, ao kupoteza miaka 6 pamoja na nafasi ya bibi na watoto wanaoingia kwa ombi lake. Ruhusa ya dharura ipo, inaombwa na karatasi ya kifo ao ya hospitali, lakini haitoki kila mara kabla ya maziko. Familia inayotuma haraka sertifika ya deces yenye muhuri inamsaidia kuliko inayotuma lawama kwenye WhatsApp.

Anayengoja akiwa Mudaka

Kwa aliyeko huku, ombi likikubaliwa linapelekwa kwenye kituo cha visa cha taifa cha Marekani, kisha, zamu ikikaribia, kwenye ambasade ya Marekani ya Kinshasa. Ada ya visa ya uhamiaji kwa njia ya kazi ni dola 345 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwa ndani. Mahojiano ni Kinshasa, na uchunguzi wa afya unafanywa na madaktari waliokubaliwa na ambasade peke yao. Tangu vita ilipofika Kavumu mwezi wa pili 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, safari hiyo ya Kinshasa imekuwa ya kuzunguka kupitia nchi za jirani, kwa bei ambayo familia ya watu 5 inaisikia mfukoni kabla hata ya kugusa ada za ambasade.

Miaka ya kungoja ina kazi yake, na hapa watu wengi wanaipoteza bure. Jambo la kwanza ni jina. Sisi tuna jina, postnom na prenom. Fomu za Amerika zina jina la familia na jina la kupewa, basi. Karani mmoja ameweka postnom upande huu, mwingine upande ule, diplome imeandika herufi "rh" ya Mashi na karte ya elekteri imeiacha. Ambasade inapoona majina mawili inafikiri watu wawili. Kusahihisha kunapita tribinali, na tribinali haiangalii jedwali la Marekani.

Pili ni kuzaliwa. Mtoto asiyeandikishwa katika siku 90 za sheria anahitaji hukumu ya tribinali ndipo apate akte ya kuzaliwa. Anayo tarehe ya 2023 na watoto watatu wasio na akte? Aanze leo, asingoje barua ya Kinshasa.

Tatu ni ndoa, na hapa dote peke yake haitoshi. Ukoo umepokea ng'ombe, kanisa limebariki, lakini ndoa ya Leta haikuandikwa. Mwenye ndoa iliyoandikwa kabla hajaingia Marekani kama mkaaji wa kudumu anaweza kumwingiza mwenzake katika ombi lake, kwa tarehe ile ile. Anayekwenda "kijana", halafu anarudi kuoa, anaanza ombi jipya la familia lenye mlolongo wake. Miaka inapotea hapo kwa sababu ya karatasi ambayo ingepatikana hapa karibu.

Halafu kuna umri wa 21. Mtoto akipita miaka 21, ao akioa ao kuolewa, anatoka katika ombi la mzazi. Sheria inampunguzia kidogo: siku ambazo I-140 ilikaa mezani kabla ya kukubaliwa zinatolewa katika umri wake wa siku zamu inapofika. Ombi lililochukua miezi 8 linamrudishia miezi 8. Lakini miaka ya mlolongo baada ya hapo haitolewi. Mzazi aliyeanza wakati mtoto ana miaka 17 anapaswa kufanya hesabu hiyo mapema na avoka, na kuelewa kwamba katika mwaka mmoja baada ya zamu kufika ni lazima achukue hatua kwa ajili ya mtoto.

Kusimamishwa kwa 2026

Mwezi wa sita 2025 kulikuwa na hofu kubwa, Marekani ilipotangaza nchi ambazo raia wake wanazuiliwa kuingia. Kongo ilisikika. Ilikuwa ile ya Brazzaville, si ya kwetu. Ingawa hivyo kuna waliovunjika moyo na kuacha makaratasi yao.

Mwaka 2026 mambo yalikuwa tofauti. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisimamisha utoaji wa visa za uhamiaji kwa raia wa nchi 75 kuanzia tarehe 21 mwezi wa kwanza 2026, ikisema inataka kuhakikisha wahamiaji hawategemei misaada ya serikali. Safari hii Kongo ya Kinshasa ilikuwemo, pamoja na Rwanda, Uganda na Tanzania. Mtu angeweza kuendelea kupeleka makaratasi na hata kuitwa kwa mahojiano, lakini visa isitolewe.

Kuna mambo ya kutofautisha hapo. Hatua hiyo inaangalia uraia, wakati mlolongo unaangalia mahali pa kuzaliwa. Inahusu visa zinazotolewa na ambasade, si maombi ya I-485 ya walio ndani ya Marekani. Na haifuti tarehe ya mtu. I-140 iliyokubaliwa inabaki imekubaliwa, maadamu patro hajaiondoa na kampuni haijafungwa. Hapo ndipo penye hatari hasa, sababu nafasi ya kazi iliyoachwa wazi Ohio ao Texas haimngoji mtu milele. Anayengoja Mudaka ana haki ya kumuuliza patro, kwa maandishi, kama kazi bado ipo.

Wanaouza haraka

Penye mlolongo mrefu hapakosi makomisionere. Wanajua maneno yote: PERM, I-140, "fail iko kwenye meza ya mwisho". Wanaomba dola 500 ya kufungua, 300 ya kusukuma, kisha namba ya simu inazimika.

Uongo wao una mbegu ya kweli ndani. Ni kweli kwamba USCIS inapokea ada ya haraka, na inajibu I-140 katika siku 15 za kazi. Lakini ada hiyo inaharakisha jibu la fomu peke yake. Jedwali la kila mwezi halina ada. Anayesema anaweza kukusogeza mbele ya mlolongo anauza upepo.

Tena, gharama za PERM, avoka wa hatua hiyo na matangazo ya kazi, ni za patro. Tangu 2007 kanuni za Marekani zinakataza kumlipisha mfanyakazi. Kwa hiyo "patro" anayeomba umtumie pesa ya PERM amejitaja mwenyewe. Ada ya visa nayo haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Kipimo kingine hakihitaji avoka. Kila ombi lililopokelewa USCIS linapata namba ya risiti: herufi tatu, mara nyingi IOE, na tarakimu kumi. Omba namba hiyo na kopi ya risiti yenyewe, uiingize kwenye uscis.gov, uone imefika wapi. Jedwali la mwezi liko travel.state.gov, bila malipo, na linafunguka hata kwenye simu ndogo pale mtandao unapopatikana. Mtu anayekataa kutoa namba kwa sababu "ni siri ya ambasade" hana fail yoyote mkononi.